Kikulacho Ki Sakafuni

Mwishoni mwa Septemba nilirudi Sumbawanga baada ya wiki saba za kuuguza huko Mbeya. Nikafungua mlango wa nyumba niliyopanga, nikatua begi, nikaketi kwenye kochi nivue viatu. Nilikuwa nimevaa soksi nyeupe. Sijamaliza kulegeza kamba za kiatu cha pili, nikaona vidoa vyeusi vinanipanda kutoka vifundoni kuelekea magotini, tena kwa haraka. Nikadhani ni vumbi, maana kwa miezi ile mji mzima ni vumbi, hadi majani ya mikaratusi hubadilika rangi. Nikapangusa kwa kiganja. Vumbi likaruka, likatua kwenye mkono wa shati.

Kilichonishangaza ni kwamba nyumba haikuwa na mnyama. Mbwa wangu, Popi, nilikuwa nimemwacha kwa mama mwenye nyumba, ua wa pili. Paka alijihamishia huko mwenyewe, naambiwa, siku ya pili tu, alipoona hakuna jiko linalowashwa. Madirisha yalifungwa, mlango ulifungwa, na kwa karibu siku 50 ndani hamkuwa na kiumbe wa kunyonywa damu. Kwa hesabu zangu viroboto wote walipaswa kuwa wamekufa njaa.

Nilimkuta mama kibarazani anapepeta ulezi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umerudi? Mgonjwa anaendeleaje?"

"Anaendelea vizuri, tunashukuru. Mama, nyumba imejaa viroboto. Na Popi hakuwemo."

Hakuinua uso kwenye ungo. "Walikuwa wanakungoja," akasema. "Wamesikia hatua zako."

Nikacheka kwa adabu, kama mtu anavyocheka utani wa mzazi. Nilipokuja kusoma habari za mdudu huyu ndipo nikatambua kwamba mama hakuwa akitania hata kidogo.

Kiroboto tunayemkuta kwa mbwa na paka wetu mara nyingi ni wa aina moja, yule ambaye wataalamu humwita kiroboto wa paka, ingawa mbwa humbeba vilevile. Jike akishakunywa damu yake ya kwanza huanza kutaga ndani ya siku moja au mbili, na akikolea anaweza kufikisha mayai 40 hata 50 kwa siku. Mayai hayo hayashiki kwenye manyoya. Ni meupe, laini, madogo kama punje za chumvi, na mnyama akijikung'uta yanamwagika. Popi, kila alipopita sebuleni na kujinyoosha, alikuwa akiitia nyumba yangu chumvi. Yai likianguliwa hutoka buu mwembamba kama uzi, hana macho wala miguu, anakimbia mwanga na kujipenyeza kwenye nyufa za saruji, chini ya mkeka, kwenye mishono ya kochi. Chakula chake hudondoka kutoka juu, kwa mbwa: kinyesi cha viroboto wakubwa, ambacho ni damu iliyokauka. Akishiba anajisokotea kifuko cha hariri kinachonata, na vumbi la nyumba linakigandia pande zote hadi hakuna jicho la kukitofautisha na taka nyingine.

Humo ndani anakuwa kiroboto kamili, kisha anatulia. Anaweza kukaa hivyo kwa miezi, hata mitano, bila kula chochote. Anachongoja ni mtikisiko wa nyayo, joto la mwili, na ile hewa tunayoitoa puani. Akivihisi, hutoka mara moja, mzima na mwenye njaa. Mimi nilipoingia nikatua begi kwa kishindo na kushusha pumzi ya safari, nilikuwa nimepiga kengele ya chakula. Mama alisema kweli neno kwa neno.

Wataalamu hukadiria kwamba katika kila viroboto 100 wa nyumba moja, ukihesabu mayai, mabuu na walio vifukoni, ni kama watano tu wanaokuwa juu ya mnyama. Waliobaki wako chini. Popi alikuwa kibanda cha mama ntilie: walikuja kula kwake, lakini makazi yao yalikuwa kwangu.

Waswahili tumewaachia methali ya "kikulacho ki nguoni mwako" wanasiasa na ndugu wanaogombea mirathi. Ikitajwa, watu huangaliana kutafuta msaliti. Lakini nadhani aliyeitamka mara ya kwanza alikuwa anajikuna tu. Na kama alikuwa na chawa, hakukosea, kwa sababu chawa huzaliwa, huishi na kufa humohumo mwilini na nguoni. Kwa kiroboto methali inapungua kidogo. Anayekula leo yuko nguoni. Watakaokula mwezi ujao wako sakafuni.

Kesho yake alfajiri mama akaja na ufagio, khanga ameifunga kiunoni. Ukiwa nyanda za juu za Ufipa, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, asubuhi ya Septemba bado ina ubaridi wa kuvuta sweta, lakini jua likishatoka linakuwa kali na kavu. Hilo jua ndilo alilolitaka. Tukatoa makochi, godoro, mkeka, mapazia, tukayatandaza uani tumbo juu. Shuka na mablanketi yakaingia kwenye maji ya moto. Gunia alilokuwa akilalia Popi tukalichoma. Buu wa kiroboto anahitaji unyevu na giza. Ukimtandaza kwenye jua kavu la saa sita anakauka kama dagaa.

Ndani, mama alinipa kisu. Nikapiga magoti nikakwangua ufa mmoja baada ya mwingine, na kila ufa ukatoa kitu kama unga wa kahawa uliochanganyika na nywele za mbwa. Ule weusi wake ndio damu yenyewe. Tukafagia, takataka tukazichoma badala ya kuzimwaga uani, tukamimina maji yanayochemka kwenye nyufa, tukapiga deki, na jioni nikazijaza nyufa kwa saruji ya maji. Mama akiwa ameegemea mlango akanisimulia kwamba kwao, Nkasi, alipokuwa msichana, sakafu ya udongo ilisiribwa kwa udongo na samadi kila wiki. Akiwa mdogo alidhani ni urembo wa wanawake wenye muda. "Sakafu iliyosiribwa haina mlango wa mdudu," akasema. "Nyie na saruji yenu mmejenga mara moja mkalala."

Popi naye akaogeshwa kwa sabuni, na bwana mifugo akampa dawa ya kumiminia mgongoni, baada ya kumpima uzito.

Usiku mama akanifundisha mtego. Weka karai la maji katikati ya chumba, tia matone ya sabuni, simamisha koroboi juu ya tofali katikati ya maji, zima taa nyingine zote. Kiroboto hufuata mwanga na joto, anaruka, na kwa maumbile yake angeweza kusimama juu ya maji kama mtu juu ya turubai lililokazwa. Sabuni inailegeza ile ngozi ya maji. Anazama. Asubuhi ya kwanza nilihesabu 57. Ya pili, 31. Ya tano, wanne. Nikampigia simu dada yangu kumwambia nimeshinda.

Usiku zile nilizoea kukaa kwenye kiti mbali kidogo na karai, nikitazama vidoa vinavyoruka kutoka gizani. Mdudu wa milimita mbili au tatu anaweza kuruka umbali unaozidi mara 100 ya urefu wake, na bado historia inaonyesha kwamba safari zake ndefu amezifanya kwa miguu ya wengine. Chukua ndugu yake, funza, ambaye naye ni kiroboto, ila jike lake huingia ngozini na kukaa. Funza hakuwa wa huku. Mwaka 1872 meli iitwayo Thomas Mitchell, ikitoka Rio de Janeiro, ilifika Ambriz, pwani ya Angola, na mchanga wa kuipa meli uzito ukamwagwa ufukweni ukiwa na funza ndani. Oktoba mwaka huohuo Livingstone, katika safari yake ya mwisho, alikuwa akishuka kandokando ya Ziwa Tanganyika kupitia nchi ya Wafipa. Mmisionari aliingia vitabuni. Funza alikuja nyuma yake kimyakimya, kwenye vidole vya wapagazi, askari na wafanyabiashara, akavuka Kongo, akafika maziwa makuu, na kabla karne haijaisha alikuwa ameiona Bahari ya Hindi. Watu waliomwona kwa mara ya kwanza hawakuwa na mbinu ya kumtoa, na wengine walipoteza vidole kabla ya kujifunza matumizi ya mwiba na sindano.

Papasi naye alijua njia za misafara. Alijificha kwenye nyufa za sakafu za udongo katika vibanda vya kulala wasafiri, akitoka usiku kuuma na kuwapa homa inayokwenda na kurudi. Mwaka 1905 Robert Koch alimchunguza katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, akaonyesha kwamba vimelea vya homa hiyo hurithishwa hadi kwenye mayai yake. Kwa hiyo nyumba iliweza kumwambukiza mgeni ambaye hajafika bado homa ya mgeni aliyekwisha ondoka.

Kwa wadudu wakubwa na wengi dunia huchangamka. Bonde la Rukwa, kule chini upande wa mashariki ya uwanda wetu, ni mojawapo ya mazalio ya nzige wekundu, na kwa ajili yao serikali kadhaa ziliunda mwaka 1949 chombo cha kimataifa chenye makao Abercorn, ambayo sasa ni Mbala, ng'ambo ya mpaka. Hadi leo lipo shirika la nchi kadhaa lenye makao Ndola linalowapiga nzige dawa kwa ndege. Kiroboto hajawahi kuundiwa shirika. Ana ufagio, na mtu wa kuushika.

Siku ya tisa, karai lilikuwa na viroboto 38.

Nilikaa nikayatazama maji yale kwa uchungu wa mtu aliyedhulumiwa. Rafiki yangu mmoja, mzaliwa wa hapa, nilipomweleza alikunja uso kwa mzaha. "Hapa ni Sumbawanga, ndugu yangu. Hao umetumiwa."

Jina la mji, kwa Kifipa, hufasiriwa kuwa "tupa uchawi", na wageni wote hutaniwa nalo: kila anayeingia autue mzigo wake mlangoni. Nilicheka, lakini siku ile nilikuwa tayari kutumiwa. Nilitaka awepo mtu. Nikamfunga Popi kamba uani, mbali na mlango, ingawa hakuwa na kiroboto hata mmoja. Kisha nikaenda duka moja la pembejeo, ambalo jina lake naliacha, nikaomba kitu kikali. Nikauziwa dawa ya unga ya mbwa. Nikauliza kama inafaa na paka. Nikajibiwa kwamba mnyama ni mnyama.

Paka wangu hakuwa na jina zaidi ya Paka. Alikuwa jike la mistari, na kazi yake ilikuwa ya maana kuliko yangu: mama alikuwa na magunia sita ya mahindi katika chumba changu cha nyuma, na tangu Paka afike panya walikuwa wamehama. Nikampaka unga mgongoni jioni. Saa tatu usiku masikio yake yakaanza kuchezacheza kama ya mtu anayefukuza nzi. Saa nne miguu ikatetemeka, mate yakamtoka, akashindwa kusimama. Bwana mifugo nilipompigia aliuliza swali moja tu, nimsomee maandishi ya pakiti. Nilipofikia neno pemethrini akanikatiza: mwoshe sasa hivi kwa sabuni ya vyombo na maji ya vuguvugu, mfunike, nakuja. Alieleza baadaye kwamba mbwa huivumilia dawa hiyo, lakini ini la paka halina uwezo wa kuivunja, hivyo inabaki mwilini ikiitikisa mishipa ya fahamu. Alikuja kwa pikipiki usiku uleule, akafanya alichoweza. Alfajiri Paka akafa mapajani mwangu, ndani ya taulo langu.

Kabla ya kuondoka bwana mifugo aliniuliza kuhusu karai. Nikamwambia ushindi wangu ulivyogeuka. Akashangaa kwamba nimeshangaa. Walio vifukoni, alisema, dawa hazipenyi na maji ya moto huwakosa. Wao hutoka kwa zamu zao. Siku ya tisa, ya kumi, ya kumi na mbili, ndiyo siku zao. "Hukushindwa," akasema. "Ulikuwa unatakiwa kufagia tena." Mama, ikawa, alikuwa amekwisha niambia nirudie baada ya wiki mbili, na kila siku kati yake nifagie. Nilisikia kama mtu anavyosikia tangazo la kanisani.

Nimefikiri sana tangu siku ile juu ya jina la mji huu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 vijiji vya Ufipa vilitembelewa na Kamchape, vuguvugu la kuwaondoa wachawi, ambalo mwanaanthropolojia Roy Willis, aliyekuwa akiishi na Wafipa miaka hiyo, aliliandikia makala iliyotoka mwaka 1968. Lilikuwa mtoto wa mchape, uliotapakaa miaka ya 1930 kutoka Nyasaland, Malawi ya leo. Watakasaji waliingia kijijini, wakawakusanya watu, wakadai pembe na hirizi zitolewe, wakagawa dawa, na kijiji kikahesabiwa safi. Mchape, kwa Kinyanja, ni neno la ukoo mmoja na kufua nguo.

Natamani ningeweza kuwacheka waliolipa kwa ajili ya kufuliwa kijiji. Siwezi. Mimi mwenyewe nilitoka dukani na pakiti mkononi nikiamini kwamba jioni ileile mambo yatakwisha. Nani asiyetaka kufua mara moja tu? Na nani, akiona nguo imechafuka tena, asiyeanza kuangaza macho kutafuta aliyeichafua? Katika nchi yetu vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu waliyopewa na moshi wa kuni walizopikia wajukuu. Mimi nilimfunga mbwa asiye na kosa na kumuua paka, kwa sababu ya zamu ya ufagio niliyokuwa nimeiruka.

Nilifagia. Kila siku, na kila wiki mbili kutoa vyote nje, hadi mvua za Novemba zikanibana na jua likawa la kuvizia. Karai likasema 20, likasema tisa, likasema wawili watatu. Huku nyuma, panya wakajua habari za Paka. Nikawasikia wiki ya pili, juu ya magunia, wakitembea bila haraka. Panya nao wana viroboto wao, na hao si wa kuchezea: Paul-Louis Simond alionyesha huko Karachi mwaka 1898 kwamba kiroboto ndiye anayeibeba tauni kutoka panya hadi panya, na katika milima ya Lushoto ugonjwa huo ulizuka mwaka 1980 ukarudi tena na tena kwa zaidi ya miongo miwili. Ufipa si Lushoto. Lakini watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, waliotumia miaka mingi kuwafuata panya na viroboto wa huko, walikuwa wakichunguza jambo ambalo kila mkulima wa mahindi analielewa: nafaka ikilala ndani ya nyumba, hailali peke yake. Nilifikiria sumu ya panya. Nikakumbuka pakiti ile, nikaacha.

Wiki ya mwisho ya Novemba, baada ya usiku tano mfululizo za karai tupu, mama akaja ameshika boksi la sabuni lililotobolewa matundu. Ndani yake alikuwamo mtoto wa paka wa kijivu, ametoka naye Nkasi kwa basi.

"Wa kulinda mahindi yangu," akasema, kama vile hakuwa amenionea huruma.

Nikamtoa. Alikuwa mwepesi kuliko kikombe cha chai, na tumbo lake lilikuwa na joto. Nikapanua manyoya karibu na mkia, nikaona punje nyeusi, chache, kama pilipili manga iliyosagwa. Mama alikuwa ameziona pia. Alinyamaza tu anitazame nitafanya nini. Nikachana ukurasa mweupe wa daftari, nikaulowesha, nikazichanulia punje zile juu yake. Kwa muda hazikufanya kitu. Kisha kila punje ikaanza kuvuja pembeni, ikatoa duara dogo la rangi ya kutu.

"Damu," nikasema.

"Ndiyo. Sasa?"

Paka wa umri ule hapewi dawa ovyo. Anachanwa kwa chanuo la chawa, asubuhi na jioni, na chanuo linachovywa kwenye maji ya sabuni kila mara. Nikabandika sufuria ya maji jikoni, nikaenda kumfungulia Popi, nikaanza kuvuta kochi kuelekea mlangoni. Nje mawingu yalikuwa yamepasuka kidogo upande wa milima ya Mbizi. Mama alitazama juu, akapima.

"Una saa mbili za jua," akasema, akainama kushika upande wa pili wa kochi.